Maua ya vuli mjini Lubumbashi: fuata joto, maji utamwaga mwenyewe

Tunguu la kolshiki linalotoka Uholanzi mwezi wa Agosti halihitaji udongo ili lichanue. Ukilisahau juu ya kabati, ndani ya karatasi yake, bila tone la maji, litatoa maua yake ya zambarau hafifu vilevile, tena bila jani hata moja. Jambo hilo huwafurahisha wengi na kuwapotosha wengi zaidi. Mtu akilipanda Lubumbashi na kuona maua mwezi wa Septemba, hudhani ameshaelewana na mmea. Mwaka unaofuata anapata majani mawili matatu yaliyodhoofika, kisha udongo mtupu. Yale maua ya kwanza hayakutengenezwa Lubumbashi. Yalitengenezwa shambani Uholanzi, kabla tunguu halijafungwa kwenye paketi, na mwenye bustani aliyapokea tu.

Takriban matunguu yote ya maua huishi hivyo. Ua la leo ni akiba iliyowekwa na majani ya msimu uliopita. Anayetaka maua ya mwaka wa pili na wa tatu inambidi aulize majani hayo yatapata wapi miezi yao ya kufanya kazi, na kwa mji wetu jibu lake limefungwa fundo ambalo paketi haiwezi kulifungua.

Kwanza tujue tunazungumzia mimea gani ya vuli, yaani ya majira yanayofuata joto na kutangulia baridi. Nerine, amarilisi ya Rasi kule Afrika Kusini, stenbegia ya manjano na likorisi nyekundu ya China na Japani ni matunguu kamili: ukiyapasua utakuta tabaka juu ya tabaka, sawa na kitunguu cha sokoni. Krokusi, ikiwemo ile inayotoa zafarani, pamoja na kolshiki, ni shina lililovimba. Ndani ni nyama moja isiyo na tabaka. Siklameni ni kiazi bapa. Wataalamu wa mimea wanazijali tofauti hizo, nasi tunaweza kuziita zote matunguu bila kumdhulumu mtu.

Kinachoziunganisha ni namna zinavyougawa mwaka. Mimea mingi hutoa majani, hushiba jua, ndipo huchanua. Hizi huchanua wakati majani yamekwisha kufa, au ndiyo kwanza yanachungulia. Tabia hiyo ina asili yake. Kandokando ya bahari ya Mediterania, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni joto kali na ukame. Jani lolote jororo lingeungua. Mmea umejifunza kulala chini ya ardhi wakati huo. Septemba au Oktoba joto linapungua, mvua ya kwanza inaanguka, na mmea unatoa ua mara moja kwa chakula kilichowekwa akiba, bila kungoja majani. Baada ya hapo majani yanatoka, yanatumia majira yote ya baridi yenye unyevu na jua la wastani kujaza ghala upya, kisha yanakauka joto linaporudi. Kolshiki na baadhi ya wenzake huyachelewesha majani hadi baridi imalizike, lakini kanuni ni ileile.

Sasa soma paketi: "Panda Agosti, huchanua Septemba hadi Novemba." Huo ni ujumbe wa mtu wa Ulaya kwa mtu wa Ulaya. Kwake, vuli ni mlango ambao vitu viwili hupita pamoja: joto linatoka na mvua inaingia. Tunguu la Mediterania linaitambua saa yake ya kuamka kwa sababu vyote viwili vinagonga mlango kwa wakati mmoja.

Lubumbashi, vitu hivyo viwili vimeachana. Tuko kusini mwa ikweta, kwenye nyuzi 11 na ushee, juu ya uwanda wa zaidi ya mita 1,200. Mvua zinaanza kurudi Oktoba, zinashika kasi Novemba, na zinaondoka Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kiangazi. Baridi yetu, ile ya kumfanya mlinzi wa usiku ajikunyate karibu na mbabula, jiko lake la makaa, inakuja Juni na Julai, na usiku wake unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Oktoba ndiyo mwezi wa joto kuliko yote, wakati vumbi limejaa hewani na kila mtu anatazama mawingu. Maana yake, mvua yetu inaingia pamoja na joto, na joto letu linatoka pamoja na mvua. Tunguu la Mediterania likiletwa hapa linasikia mvua ya Oktoba ikilihimiza liamke huku joto la mwezi huohuo likiliamuru liendelee kulala. Likiitii mvua, majani yake yataingia kwenye miezi ya joto na tope. Likilitii joto, litaoza usingizini, kwa kuwa mvua ya hapa, wastani wa milimita 1,200 hivi kwa mwaka, karibu yote inaanguka katika miezi hiyohiyo ambayo tunguu lingetaka pakavu.

Kuna tarishi wa tatu, urefu wa mchana. Kule Amsterdam mchana wa Juni unaupita ule wa Desemba kwa takriban saa tisa. Kwetu tofauti hiyo haifiki hata saa moja na nusu. Bahati nzuri ni kwamba mengi ya matunguu haya husikiliza zaidi joto kuliko saa ya jua, kwa hiyo suala hilo tunaweza kuliacha.

Yanabaki joto na maji, na hapa ndipo ninaposimamia hoja yangu. Mwenye bustani anaweza kumwaga maji, na anaweza kuyazuia kwa bati au kwa kuhamishia chungu barazani. Joto la mji hana la kulifanya. Basi apange kalenda kwa joto, halafu maji ayafanye yafuate. Mwezi wetu unaolingana na Oktoba ya Ulaya, kwa kipimo cha joto, ni Mei. Matunguu ya Mediterania yapandwe mwishoni mwa Aprili au Mei, yamwagiliwe kwa mkono kiangazi chote, yaachwe yakauke Septemba joto linapopanda, kisha yakae makavu kabisa, ndani ya sanduku la mchanga au ndani ya chungu chake chini ya paa, wakati nje mvua inanyesha. Jirani atakushangaa: unamwagilia maua wakati hata nyasi za njiani zimekufa, na mvua ikija unayaficha. Mwache ashangae.

Zafarani inaonyesha vizuri namna hesabu hii inavyofanya kazi, maana mahitaji yake yanajulikana kwa namba. Wakati krokusi ya zafarani imelala bila majani, kichipukizi cha ua huundwa ndani yake kwenye joto la nyuzi 23 hadi 27. Likibaki joto hilohilo, ua linakaa ndani. Hutoka pale joto linaposhuka hadi kwenye nyuzi 17 hivi. Yaani inataka joto likiwa kavu, kisha ubaridi. Ukiiweka sandukuni, nyumbani, kuanzia Novemba hadi Aprili, chumba cha kawaida cha Lubumbashi kinakaribia sana joto la kwanza. Mei ikija na usiku wake wa ubaridi, unaipata ishara ya pili bila friji wala mashine. Majani yake membamba yatakuwa na Juni, Julai na Agosti, jua tele na anga safi, jambo ambalo hata wakulima wengi wa Ulaya hawana wakati wa baridi. Kinachokosekana ni maji tu: ndoo moja mara moja au mbili kwa wiki kwa kitanda kidogo, udongo ukauke kidogo kabla ya kurudia. Wale ambao maji ya bomba hukatika siku nzima watafute bidoni ya akiba. Matunguu haya hayadai mengi.

Hapohapo kuna mtu atauliza kama zafarani inaweza kuwa biashara, kwa sababu amesikia bei yake. Kilo moja ya zafarani kavu inadai maua yapatayo 150,000, kila moja likichumwa kwa mkono na nyuzi zake tatu nyekundu kuondolewa kwa vidole. Mmea wenyewe ni tasa, hauzai mbegu. Huongezeka kwa vitoto vya chini ya ardhi tu, na kila uliopo duniani umepitia mikono ya watu. Panda ishirini au hamsini kwa ajili ya pilau ya sikukuu na kwa raha ya macho. Ya biashara waachie wenye ekari na vibarua.

Anayepokea matunguu kutoka Ulaya mwezi wa Agosti au Septemba anakutana na tatizo la ziada: saa ya mmea iko miezi sita mbali na yetu. Haiwezekani kuliambia tunguu la krokusi lingoje hadi Mei. Litachanua lenyewe ndani ya paketi. Lipande mara moja kwenye chungu, mahali penye mwanga mwingi lakini pasipochomwa na jua la mchana wa Oktoba. Furahia ua. Baada ya hapo kazi ni kuyalinda majani yasiloweshwe na mvua, yadumu kadiri yatakavyoweza, hata kama yatakuwa mafupi. Yakinyauka, acha chungu kikauke, na usikiguse hadi Mei. Mwaka huo wa kwanza ni wa hasara: tunguu litarudi dogo kuliko lilivyokuja, na pengine mwaka wa pili halitatoa ua. Wa tatu ndio wa kupimia. Kolshiki sitakudanganya kwamba ina matumaini. Majani yake ni makubwa, yanakuja baada ya baridi ndefu ambayo hatuna, na mimi ningeichukua kama ua la kufurahia mara moja. Stenbegia, ndogo na ya manjano inayong'aa, ina subira zaidi kwa joto na inafuata ratiba ya zafarani. Siklameni nayo vilevile, mradi iwe kivulini.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba vuli ni ya Ulaya peke yake. Kusini mwa bara letu kuna vuli nyingine, ile ya Machi hadi Mei, na matunguu yake ni hadithi tofauti kabisa. Tena kwetu ni rahisi kuyafikia: malori yanayopanda kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa yanatoka upande uleule wa ikweta, na tunguu lililokuzwa huko tayari lina saa sawa na yetu.

Lakini Afrika Kusini yenyewe imegawanyika. Upande wa Cape Town, mvua hunyesha wakati wa baridi na majira ya joto huwa makavu, mfano wa Mediterania. Upande wa mashariki, kwenye milima ya Drakensberg, mvua hunyesha wakati wa joto na baridi huwa kavu, kama kwetu. Nerine zinatoka pande zote mbili, na ndiyo maana mtu mmoja husema nerine ni rahisi na mwingine anaapa kwamba haiwezekani. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja juu ya nerine yake.

Ile inayotufaa ni Nerine bowdenii, ya mashariki. Jina lake linamkumbusha Athelstan Cornish-Bowden, mpima ardhi aliyepeleka matunguu yake Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Huota majani mvua zinapoingia, hukua msimu wote wa mvua, na maua yake ya waridi yenye petali zilizojikunja hutoka mvua zinapoaga, Machi hadi Mei. Kisha hulala wakati wa baridi kavu. Soma tena ratiba hiyo, halafu tazama nje ya dirisha: ni ratiba ya Lubumbashi. Haihitaji sanduku, bati wala kumwagilia Julai. Inachohitaji ni jua kamili, na shingo ya tunguu ibaki juu ya udongo, isizikwe. Hupenda kubanana. Tunguu moja lililopandwa peke yake katikati ya kitanda kikubwa chenye samadi nyingi litatoa majani mazuri na kukunyima maua. Kumi yaliyosongamana kwenye udongo wa wastani yatachanua. Usiyachimbe kila mwaka kwa kuyaonea huruma; yaache miaka minne au mitano. Ukinunua, tafuta yenye mzingo wa sentimita 12 au zaidi, kwa kuwa madogo yatakuchelewesha misimu kadhaa kabla ya ua la kwanza.

Nerine sarniensis, nyekundu inayometameta kama vumbi la dhahabu, ni ya milima ya Cape. Jina lake linatokana na kisiwa cha Guernsey, kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, ambako imelimwa kwa muda mrefu, na limewapotosha watu wengi kuhusu asili yake. Hiyo hukua wakati wa baridi na hutaka majira ya joto yawe makavu, kwa hiyo inarudi kwenye kundi la sanduku na ndoo. Kabla ya kulipa, uliza jina lote. Muuzaji akikujibu "nerine tu", bakiza pesa yako mfukoni.

Amarilisi nayo inahitaji kufafanuliwa. Ua kubwa jekundu au la rangi ya chungwa ambalo wengi wetu tunaliita amarilisi, lile linalochipuka kwenye joto la Septemba na Oktoba katika parseli, yaani viwanja vya nyumba, za zamani, asili yake ni Amerika ya Kusini, na wataalamu huliita hipeastro. Kata bua lake: ndani ni tupu. Amarilisi yenyewe, Amaryllis belladonna ya Cape, ina bua lililojaa, maua ya waridi yenye harufu, na inachanua mwishoni mwa majira ya joto bila majani. Hipeastro haina shida na mvua yetu. Iweke popote penye jua na itakuzika. Amarilisi ya Cape ina kiburi. Inataka ukame wakati sisi tuna mvua. Mahali pake ni chini ya upenu wa nyumba, upande ambao mvua haifiki, na ukuta uelekee kaskazini. Vitabu vya Ulaya vitakuambia kusini. Wao jua la baridi wanalipata kusini, sisi Juni linapita upande wa kaskazini. Majani yakitoka baada ya maua, anza kuyamwagilia na uendelee hadi yakauke yenyewe.

Kama ningeruhusiwa kuchagua mmea mmoja tu wa kujaribu kati ya ile migumu, ningechukua likorisi nyekundu, ile inayochanua Japani kandokando ya majaruba ya mpunga karibu na siku ya Septemba ambayo usiku na mchana hulingana. Wakulima wa huko waliipanda kwenye kingo za majaruba kwa sababu tunguu lake lina sumu na panya na fuko hawaligusi. Sababu yangu ni nyingine. Likorisi hulala wakati wa joto kama ndugu zake wa Mediterania, lakini joto la Japani na la kusini mwa China lina mvua nyingi. Tunguu lake limezoea kulala kwenye udongo uliolowa bila kuoza. Kwa joto letu, usingizi wake unaangukia Desemba hadi Februari, ua lake linaangukia karibu na Machi, na majani yake yanaingia kiangazi. Kwa hiyo linaweza kukaa ardhini mwaka mzima. Wewe unabeba ndoo tu kuanzia Mei. Halipendi kuhamishwa, na mwaka wa kwanza mara nyingi hununa.

Asiyetaka hesabu hizi zote ana mimea inayosamehe. Zefirantesi nyeupe, inayotoka eneo la mto La Plata huko Amerika ya Kusini, Ulaya huuzwa kama ua la mwisho wa joto na vuli. Hapa huishi kwa mvua.

"Mama, hii inachanuaka lini?" utamuuliza muuza maua wa kando ya barabara.

"Ikinyesha tu, papa. Ngoja siku kidogo, utaiona."

Na huyo mama anajua anachosema, maana siku chache baada ya mvua nzuri kitanda kizima kinageuka cheupe au cha waridi, kutegemea aina. Porini kwenyewe, kwenye miombo inayouzunguka mji, kuna skadoksi, lile ua linalotoka kama mpira mwekundu mvua za kwanza zinapogusa ardhi iliyoungua. Nalo linachanua kwa akiba ya mwaka uliopita kwenye mpaka wa majira mawili, kazi ileile ya kolshiki, ila limezaliwa kwenye kalenda yetu. Tafuta la kuoteshwa bustanini. Kulichimba porini ni kuliua pori, na mara nyingi linakufia mikononi.

Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanaosoma haya wasiichukue ratiba ya Mei kama ilivyo. Wao wako karibu zaidi na ikweta, mvua yao inapumzika miezi michache tu katikati ya mwaka, na joto la mwezi mmoja na la mwezi mwingine linafanana mno. Ishara ya joto ambayo zafarani na amarilisi ya Cape zinaisubiri kule karibu haipo. Zefirantesi na hipeastro zitawapa raha bila ugomvi.

Udongo wetu mwekundu una tindikali, na mimea ya Mediterania imezoea udongo wa chokaa. Hapa kichuguu kinasaidia. Udongo wa vile vichuguu vikubwa vya Katanga una chokaa zaidi na tindikali kidogo kuliko ardhi iliyo kando yake. Tatizo lake ni ufinyanzi, hushika maji na kufunga. Changanya sehemu moja ya udongo wa kichuguu, sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa, na mbili za mchanga mkubwa wa mtoni. Kiganja cha majivu ya mbabula kwa kila chungu kinaongeza potasi, ambayo matunguu huipenda kuliko samadi mbichi ya kuku. Samadi mbichi ni njia ya haraka ya kupata majani na kuoza. Wanaoishi upande ambao upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeleka moshi wa mnara wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kaskazini-magharibi mwa kiwanda hicho, ni vyema wapande kwenye vyungu au vitanda vilivyoinuliwa kwa udongo ulioletwa kutoka kwingine, kwa sababu shaba iliyojikusanya ardhini huko kwa miaka mingi inadumaza mizizi.

Adui anayeonekana ni kiwavi mweusi mwenye mabaka ya manjano na meupe, anayependa jamii ya amarilisi. Anaanza ndani ya jani, anashuka hadi kwenye tunguu, na ukimgundua hapo umeshachelewa. Chungulia majani nyakati za mvua, mtoe kwa mkono. Adui asiyeonekana ni ukungu, na dawa yake ni ukavu wakati wa usingizi.

Sumu inataka tahadhari ya kweli. Kolshiki ina kolshisini, dawa ya jongo ambayo kipimo chake cha tiba na kipimo cha kuua viko karibu mno. Hospitali haina dawa ya kawaida ya kuitangua. Sumu hiyohiyo imo ndani ya gloriosa, mmea wa kutambaa wenye maua mekundu na manjano yaliyopinda juu, ambao unaota wenyewe katika misitu yetu na hupandwa kwenye nyua. Nerine, likorisi na jamaa zao hutapisha vibaya. Katika mji ambao watu wanakula kikanda, yaani viazi vya okidi vilivyochimbwa porini, mtoto au mgeni akiona kiazi kimefukuliwa bustanini hataona sababu ya kukiogopa, na anaweza kukila. Usihifadhi matunguu yaliyolala jikoni, wala kwenye kikapu kimoja na vitunguu na viazi vitamu. Sanduku liwe na kifuniko, liandikwe kwa herufi kubwa, liwekwe juu.

Mtu wa kuzungumza naye mapema ni anayekufanyia kazi ya bustani. Majani ya nerine yanapoanza kulegea, atataka kuyakata ili uwanja uwe safi, na Julai akikuta kitanda kitupu atakilima apande lengalenga. Mwombe ayaache majani hadi yavutike yenyewe kwa vidole. Kisha chomeka vijiti vinne kwenye pembe za kitanda, na cha tano katikati, chenye jina la mmea na mwezi utakaoamka.